Dresa Aliyekuwa Mchoyo wa Sindano

Dresa wetu, mtu wa dawa wa zahanati ya Kwaluguru, alikuwa mchoyo wa sindano. Watu walimsema hivyo, na mimi nilimsema kuliko wote, kwa hiyo nianze hapo hapo.

Ungefika zahanati unatetemeka, blanketi mabegani, umetembea tangu alfajiri, ungemkuta kakaa kwenye stuli yake, kaptura ya kaki imepigwa pasi mpaka mkunjo unakata, anakutazama kama mnunuzi anavyotazama mbuzi mnadani. Anakushika paji la uso. Anakwambia utoe ulimi. Anakuuliza jana umekula nini, umelala wapi, umegombana na nani. Kisha anafunga vidonge vya klorokwini kwenye kipande cha gazeti, anakupa.

"Na sindano, Bwana Dresa?"

"Sindano ya nini?"

"Ya homa."

"Homa hii ina miguu yake. Itaondoka yenyewe, usiikodishie gari."

Na hapo kamwita anayefuata.

Jina lake nalijua. Wengine humu nitawataja kwa majina yao, maana waliniharibu na sioni sababu ya kuwasetiri. Yeye nitamwita Dresa, basi. Mimi shule niliishia darasa la tatu, sijui kupamba maneno. Nasema nilichokiona.

Kabla hamjatucheka kwa kupenda sindano, mjue tulivyoanza. Nilipokuwa mdogo, nyumba zetu zilikuwa na buba. Vidonda vya miguuni, vya mdomoni, nzi hawaondoki. Mama yangu alitembea kwa kisigino miaka, kwa sababu unyayo ulikuwa umeoza. Waganga wa mizizi walichemsha, walipaka, walichanja, buba ikabaki. Siku moja likaja lori la serikali ya wakoloni, watu wakapangwa mstari, kila mmoja sindano moja ya matako. Moja tu. Hazikupita wiki mbili, vidonda vikakauka kama tope la juani. Mama akakanyaga chini unyayo mzima, akasimama pale uani anacheka peke yake.

Sasa mtu aliyeona vile utamwambia nini? Toka siku hiyo kwetu dawa ni sindano. Kidonge kilikuwa kama chakula tu. Mtu akitoka kwa daktari hachechemei, jirani walimwuliza kama alimkuta. Nilishamwona mtu mzima, baba wa watoto sita, anachechemea kwa makusudi kupita mbele ya nyumba ya mkwewe ili ajulikane kuwa katibiwa. Hilo ndilo lilikuwa kosa letu. Tulipima dawa kwa maumivu. Na kosa la watu wengi halikosi mtu wa kulinusa.

Aliyelinusa kwetu ni Idrisa Sekivunga, wa Masuguru, pale Korogwe. Nimemtaja na nitamtaja tena. Alikuwa mfagiaji wa wodi katika hospitali moja ya mbali, akatoka huko na koti jeupe na ule mpira wa kusikilizia moyo, akafungua nyumba ya matibabu yenye baraza na mabenchi. Uhuru tulikuwa tumeshapata, kila mtu anataka mambo mapya, naye akawa jambo jipya. Wa pili ni Hemedi Mapande. Kazi yake huyu ilikuwa kusimama pale mabasi yanaposhusha watu, siku za Jumamosi, na kukutazama usoni kwa huruma.

"Ndugu yangu, samahani," anakwambia. "Mimi sikujui, lakini mbona jicho lako la kushoto limepauka?"

Nani asiyetaka kujua mbona jicho lake limepauka?

Mimi nilikuwa mkata mkonge Mazinde. Nilikuwa na nguvu, sisemi kwa majivuno, mnyapara alinipa mistari ya mwisho kule kwenye miba mingi kwa sababu alijua nitamaliza. Jumamosi moja nilikwenda Korogwe kutolewa mwiba wa mkonge uliovunjikia kiganjani. Mwiba tu. Hemedi akanipokea mzigo, akanisikitikia jicho, akanipeleka. Idrisa hakuutazama mkono. Akaweka mpira kifuani pangu, akafumba macho, akatikisa kichwa polepole.

"Umri wako?"

Nikamwambia sina hakika, labda ishirini na tano.

"Bado mdogo," akasema, tena kwa Hemedi, si kwangu. "Moyo umeingia maji."

Mwiba ulitoka wenyewe siku ya tatu nikiwa nafua shati. Moyo ukabaki na maji miaka mitatu.

Kila Jumamosi sindano. Kulikuwa na chumba chenye pazia. Unalala kifudifudi, uso ukutani, mtu anaingia nyuma yako na dawa nyekundu, unaiona rangi yake tu kwa pembe ya jicho. Nje unapewa kadi, imeandikwa kwa mwandiko mzuri ulionyooka, "Moyo: maji," na tarehe za kurudi. Nikaambiwa nisikimbie, nisibebe, nisigombane, nisilalie upande wa kushoto. Na haya ndiyo yanayonichoma mpaka leo: nikaugua kweli. Sikuwa najifanya. Tangu aliponiambia, nikaanza kuusikia moyo masikioni, mchana na jioni. Nikipanda kilima unapiga, nashtuka, na nikishtuka unapiga zaidi. Nikienda Jumamosi nikasema nafuu kidogo, Idrisa anasema, "Umeona? Dawa imeshika, tuongeze." Nikisema nimezidiwa, anasema, "Maji yamepanda, tuongeze." Hapakuwa na jibu ningelitoa pale likanirudisha nyumbani bila sindano.

Kazi ya mkonge nikaiacha. Mbuzi wangu wakaenda mmoja mmoja, wakaingia nyuma ya lile pazia. Shemeji yangu akanibandika jina, Bwana Jumamosi. "Haya, Bwana Jumamosi kapendeza, anakwenda kwa mke mwenzake Zaina." Zaina, mke wangu, alicheka mwanzo, baadaye hakucheka. Mwaka wa tatu, Hemedi mwenyewe ndiye aliyenichoma. Nyonga ikavimba, jipu likaingia ndani, nililala miezi miwili, na mguu huu wa kulia ukabaki mgumu hivi mnavyouona. Nilipomtuma Zaina kwa Idrisa kumweleza, alimjibu nini? Kwamba maji ya moyo yameshukia mguuni. Tuongeze.

Nikarudi kwetu Handeni. Ndipo ikaja ile amri ya kuhamia vijiji, tukakusanywa Kwaluguru, nyumba kwa mistari, kila nyumba kumi na balozi wake. Na kwenye kile kijiji kipya, zahanati ya chumba kimoja, ndani yake Dresa.

Alikuwa mtu wa vituko. Huyu mchoyo wa sindano alikuwa mlafi wa sukari hakuna mfano. Vijiko vitano kikombe kimoja, na hakorogi, ili mwishoni ale ile iliyobaki chini. Sukari ilipoadimika alikunywa chai na tende, anasonya kila funda. Alikuwa anawakaripia akina mama kwa kuwafunga watoto hirizi badala ya kuwapima uzito, na yeye mwenyewe, akikunja mkono wa shati, hirizi hiyo hapo, nyeusi kwa jasho. Bibi mmoja akamwuliza. "Hii ni ya mama yangu," akasema. "Wewe ya mtoto wako nani kakuuzia?" Bibi akanyamaza, maana alikuwa ameuziwa.

Ukali alikuwa nao. Aliwahi kumfukuza mtu zahanati kwa kumwita mvivu, na kumbe yule mtu alikuwa na safura, damu imekwisha mwilini. Aliporudishwa kwenye machela, Dresa alimwona, akakaa chini sakafuni. Akampeleka Handeni juu ya lori la mahindi, akimshikilia njia nzima. Mtu alipona. Dresa akaenda nyumbani kwake, mbele ya majirani, akasema, "Nilikutukana bila kukupima. Nimekosa." Sijawahi kusikia mtu wa dawa akisema neno hilo, kabla wala baada.

Na sindano alikuwa nayo, msidhani hakuwa nayo. Mjukuu wa yule bibi alipobanwa na kifua, mbavu zinaingia ndani kila pumzi, Dresa hakuuliza alikula nini. Alikwishaliwasha jiko la mafuta ya taa kabla mtoto hajafunguliwa mgongoni. Alichemsha bomba na sindano kwenye sufuria, akasimama juu yake anatazama maji yakitokota kama mtu anayelinda mlango. Mtu yeyote akimharakisha kwenye kuchemsha, alimtolea macho. Alimchoma yule mtoto penisilini siku tano, na kila alipochoma alifumba macho yeye. Tukamcheka. "Dresa anaogopa sindano!"

"Naziogopa," alisema. "Nazijua."

Mimi nilimwendea wiki ya kwanza kabisa tulipohamia. Nilikuwa na kopo la bati, ndani kadi yangu ya Masuguru, ya mwisho, nimeitunza kama cheti cha ndoa. Nikamsalimu, nikakaa, nikamwambia mimi ni mgonjwa wa moyo, natibiwa kwa sindano nyekundu, naomba aniendelezee. Akapokea kadi. Akaitazama muda mrefu mno kwa karatasi yenye maneno mawili na tarehe. Kisha akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati.

"Nani kakuchoma huku kwenye nyonga?"

"Hemedi."

"Hemedi." Akanisikiliza kifua, mbele na nyuma. "Huna ugonjwa wa moyo, ndugu."

Mngedhani nilifurahi. Nilisimama nikamtukana. Mbuzi wangu wote wamekwisha, leo aniambie sikuwa mgonjwa? Basi niliuza mbuzi kwa nini? Mguu huu ni wa nini? Kuambiwa ni mzima kulinitia hasira kuliko kuambiwa nakufa. Nikadai kadi yangu, akasema imekuwa mali ya zahanati. Nikaenda kwa balozi wangu, kwa balozi wa jirani, nikakusanya wote walionyimwa sindano, na tulikuwa wengi, tukamfikisha kwenye mkutano wa kijiji.

Siku ya mkutano mwenyekiti alimsimamisha katikati. "Ndugu Dresa, wananchi wanalalamika. Serikali imeleta dawa, wewe unawanyima. Wengine wanasema unaziuza."

"Aliyenunua asimame."

Hakusimama mtu.

"Kwa nini unawanyima?"

"Ndugu mwenyekiti, mimi mshahara wangu ni ule ule, nikichoma mia, nisipochoma. Kwa hiyo nikikwambia huna haja ya sindano, sina ninachopata. Mwulizeni aliyewaambia mna haja yeye alikuwa anapata nini." Akatugeukia. "Fundi wa cherehani ukipita mbele yake anaona wapi pa kutia kiraka. Si mbaya, ni fundi. Lakini nguo ukirarua mwenyewe ili upate cha kushona, wewe si fundi tena. Anayekula kwa ugonjwa wako hataki ufe, wala hataki upone."

Watu wakaguna. Mimi nikapaza sauti, "Maneno hayo! Mimi moyo wangu una maji, nikifa hapa nani atajibu?"

Akanitazama. Nilidhani atanikaripia. Akasema kwa upole, "Tunajenga chumba cha wazazi. Wewe utabeba matofali na wenzako, kuanzia kesho. Mimi nitakuwa kando yako na sindano imechemshwa. Ukianguka, nitakuchoma mbele ya watu wote, na mwenyekiti anifukuze kazi siku hiyo hiyo."

Zaina akasimama. "Utaniulia mume!"

"Mama, amekwisha kuuawa miaka mitatu. Mimi nataka kujaribu kinyume chake."

Mwenyekiti akaandika. Sikuweza kukataa mbele ya kijiji kizima. Nilikwenda nyumbani nikaaga watoto wangu wawili kama mtu anayekwenda vitani.

Siku ya kwanza nilibeba matofali manne, moja moja, nikisimama kila hatua kumi kusikiliza masikio yangu. Dresa pembeni, kasimama juani, sufuria yake kaifunika na kitambaa. Siku ya pili nilibeba tisa. Wenzangu wakaanza kuniita kwa utani, "Maji yamefika wapi, bwana?" Nikajibu, "Magotini," wakacheka, na mimi nikajikuta nimecheka. Wiki ya pili nilibeba matatu kwa mpigo, nachechemea, jasho linanimwagika, na nikasahau. Nasema kweli, nilisahau kusikiliza. Nilikuwa nabishana na mwenzangu kuhusu ukuta uliopinda. Nilipokumbuka, nikasimama pale pale na matofali kichwani, nikaogopa. Dresa akaja, akanitua.

"Unasikia nini?"

"Sijui."

Akatoa ule mpira shingoni mwake, akautia masikioni mwangu mimi. Ncha yake akaiweka kifuani pangu mwenyewe.

Miaka mitatu Idrisa alisikiliza, akatikisa kichwa, akaniambia alichotaka. Hakuwahi hata siku moja kunipa masikio. Nikasikia.

"Unasikia nini?" akauliza tena.

"Ngoma."

"Ya maji?"

Nikasikiliza sana. "Hapana. Ngoma kavu."

"Basi iache ipige. Matofali yale hayaendi yenyewe."

Nilikaa juu ya rundo la matofali nikalia, watu wananitazama, sijali. Ule mzigo uliokuwa kifuani si moyo, ilikuwa hofu, na ulishuka wote pale pale. Jioni nilikula bada, ugali wetu wa muhogo, na mlenda, nikamaliza sufuria, nikalalia upande wa kushoto. Zaina alinisukuma mara mbili kuona kama nipo hai. Nililala kama jiwe.

Hivyo ndivyo alivyonitibu. Tangu hapo nikawa mtu wake. Na nikawa mtu wa kutaja. Kila mkutano, kila msiba, kila arusi, nikipata nafasi nilisimama: Idrisa Sekivunga, Hemedi Mapande. Watu walichoka na mimi. Dresa peke yake ndiye nikianza hivyo alikuwa anaondoka, anasema ana dawa jikoni. Nilidhani ni adabu ya kazi.

Miaka imepita. Serikali ilizifunga nyumba za matibabu za namna ile, Idrisa akahama na koti lake, Hemedi nasikia kafa, Mungu anajua la kumfanya. Dresa akastaafu, akaondoka Kwaluguru kimya, hatukupata hata kumchinjia kuku.

Msimu uliopita nilipeleka mahindi Korogwe, nikamkuta kwenye foleni ya sukari, mbele ya duka la ushirika. Foleni ndefu, yeye wa katikati, kofia ya kitambaa, kazeeka. Kaptura ile ile, mkunjo ule ule.

"Shikamoo, Mzee Dresa."

"Marahaba." Akanitazama kuanzia mguuni. "Ngoma?"

"Kavu."

Sukari ilikwisha kabla hatujafika. Alinikaribisha kwake, na kumbe kwake ni Masuguru. Gunia la mkaa alilokuwa amenunua nikalibeba mimi, yeye ananifuata nyuma. Tulipita mbele ya nyumba yenye baraza. Siku hizi ni duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi. Mimi nikatema mate. Yeye akainama.

Nyumbani kwake tukanywa chai bila sukari. Akaingia ndani, akatoka na kitu akakiweka mezani. Kadi yangu. "Moyo: maji."

"Hukuitupa?"

"Unaujua mwandiko huo?"

Nikasema ni wa Idrisa.

"Idrisa hakujua kuandika," akasema. Akachukua kipande cha mkaa, akaandika palepale pembeni mwa kadi, maneno yale yale mawili. Herufi zilezile, zimenyooka.

Nikaisogeza kadi karibu na macho, nikalinganisha herufi moja moja.

"Nilikuwa chumba cha nyuma," akasema. "Nachemsha, najaza, naandika kadi. Ile nyekundu ilikuwa maji na vitamini kidogo. Ninyi nilikuwa siwaoni nyuso, nawaona kadi. Nilipochoka na nafsi yangu nikaondoka kwenda kuomba mafunzo serikalini. Niliondoka kimya. Pale hapakuwa na mwingine wa kuchemsha. Hemedi alichoma hivyo hivyo." Akautazama mguu wangu. "Ningeondoka kwa kelele, ungetembea vizuri."

Nje watu walikuwa wanapita na vikapu vitupu. Nilingoja hasira ije. Naijua hasira yangu, ni ya karibu, haitumwi. Haikuja. Kilichokuja ni wepesi, kama siku ile ya matofali. Miaka yote nilikuwa najiuliza kwa nini mtu asiye ndugu yangu aliweka kazi yake rehani kwa ajili ya moyo wangu, akasimama juani wiki mbili na sufuria. Na kwa nini alichemsha vile. Sasa nilijua, na nilipojua nikaweza kuacha kuuliza.

"Wewe unawataja watu," akasema. "Najua. Utanitaja?"

"Mzee, chai inapoa."

"Nimekuuliza."

"Nimesikia. Kunywa chai."

Akanywa. Akafika chini ya kikombe, akakizungusha kwa mazoea akitafuta sukari ambayo haikuwapo, akanikuta namtazama, tukacheka wote wawili mpaka akakohoa. Kadi tuliitia kwenye mkaa uliokuwa unawaka jikoni. Ilichelewa kushika, kisha ikashika.

Sasa huku Kwaluguru wananiuliza, tena vijana wanaopenda kunichokoza: "Mzee, hebu tutajie tena walioharibu mguu wako." Nawatajia. Nainua kidole cha kwanza, Idrisa Sekivunga. Nainua cha pili, Hemedi Mapande. Wanajua kuhesabu, wanaona cha tatu kinataka kuinuka.

Hicho nakikunja, nakwenda zangu shambani.